Kidole Kwenye Picha

Jumatatu, mvua ya kwanza

Mashine imefika! Lazima niandike, maana jirani wa kulia ameshafunga dirisha na wa kushoto anajifanya amelala. Nimewasimulia wote wawili na bado maneno yamenijaa tele.

Nianze vizuri. Mimi sikuingia darasani hata siku moja. Herufi nilizikamata ukubwani, moja moja, kama kuku waliotoroka banda, na hadi leo zikiwa nyingi zinanichanganya. Atakayesoma hapa asinicheke. Akishindwa, acheke kimya.

Mashine ni ya kupiga picha meno ya wanyama. Eksirei. Mjukuu wangu ni daktari wa wanyama, ana kliniki yake mwenyewe, vyumba vitatu na varanda, na mimi nashinda pale tangu alipoifungua. Mashine imefungwa ukutani, ina mkono mrefu wa kukunja na pua kama ya bomba. Unaweka kibao kidogo chenye waya ndani ya mdomo wa mnyama, unaielekeza pua shavuni, mtu anabonyeza kitufe nje ya mlango, tii! na jino linatokea kwenye kompyuta, mpaka mzizi uliojificha ndani ya ufizi.

Umri wote huu nilidhani jino ni lile linaloonekana. Kumbe lililo chini ni kubwa kuliko lililo juu! Nilipiga ukelele, Redio akaja mbio na ufagio mkononi. Redio ni msaidizi wa kliniki. Jina nimempa mimi, kwa sababu hazimwi.

"Bibi, umeumwa na nini?"

"Nimeona mizizi!"

Jumanne

Mvua. Nimeota meno.

Alhamisi, mvua ya upepo

Leo tumepata mgonjwa wa kwanza wa mashine. Mbwa wa mama mwenye duka la vitambaa, mdomo unanuka kama maji ya maua yaliyosahaulika. Daktari alimchoma dawa ya kumlegeza, si ya kumlaza kabisa. Nusukaputi anaiogopa kwa wanyama wazee, na wenye mbwa wanaiogopa kumzidi. Basi mbwa kalegea lakini kichwa hakitulii, na kibao kinateleza mdomoni kama kipande cha sabuni. Redio akajaribu kumshika, mbwa akamngurumia. Daktari akasogea amshike mwenyewe.

Hapo nikanyanyuka.

"Wewe! Rudi huko. Umesahau umembeba nani?"

Mjukuu wangu ni mjamzito, mimba yake ya kwanza. Aliye humo tumboni ni kitukuu changu, na jina lake tumeshaanza kuligombania.

"Bibi, lazima mtu amshike huyu mbwa."

"Mtu si huyu hapa? Mimi nimeshazaa, nimeshanyonyesha, nimeshazeeka. Hiyo mionzi ikinikuta itakuta nini? Mifupa na maneno."

"Lakini haitakiwi mtu yeyote kuweka mkono..."

"Kinachotakiwa ni usibishane na aliyekuogesha. Nenda nje, mke mwenzangu, ukabonyeze kitufe chako."

Mke mwenzangu ndivyo ninavyomwita tangu yuko kwenye nepi. Yeye naye humwita marehemu babu yake "mume wetu".

Akanivika aproni ya risasi, nzito kama mtoto aliyelala, na kola yake ya shingoni. Nikamshika mbwa taya, kidole changu cha shahada nikakipitisha ndani, nikakandamiza kile kibao. Nikamwimbia wimbo niliowaimbia wanangu wote wakiota meno. Mbwa akatulia tuli, macho yakarembuka.

Tii!

Na picha ilipotoka, jamani! Meno ya mbwa yamejipanga, na pembeni yake, cheupe, kimesimama kama askari mlangoni, kidole changu! Mifupa yangu mwenyewe! Nilikijua pale kilipopinda kwenye kiungo, nilipobanwa na mlango nikiwa msichana.

Nilicheka mpaka machozi. Redio akacheka. Daktari hakucheka. Alisema tu, "Bibi, kesho hicho kidole ukitoe."

Ijumaa

Nimemlazimisha Redio aichape ile picha kwenye karatasi kubwa. Tumeitundika ukumbini pale wateja wanaposubiri. Kila anayeingia namwonyesha: "Hilo ni gego la mbwa, na huyu ni mimi."

Jumatatu, mvua tangu alfajiri

Tumepewa beji. Kila mmoja ya kwake, ya plastiki, ndogo kama kiberiti. Kazi yake kupima mionzi iliyomfikia mwenye beji. Unaivaa kifuani, na muda wake ukiisha wanaikusanya na kuipeleka kunakosomwa. Yangu ina alama nyekundu.

Nimeipenda! Sijawahi kuwa na beji maishani. Nimepita nayo mtaa mzima na kurudi, mwenye duka la mkate akaniamkia, "Shikamoo, mkurugenzi!"

Jumanne

Nimefikiri kuhusu beji. Inapima mionzi. Nani anapigwa mionzi? Mnyama. Sasa nani avae beji?

Leo nilipoingia na paka wa fundi saa nimeibandua kifuani, nikaibana kwenye ukosi wa paka, hapo chini ya taya. Tulipomaliza nikaivaa tena. Haki ya mnyonge haipotei. Kama wanataka kujua mnyama kaumia kiasi gani, watajua.

Jumatano

Mbwa wawili, paka mmoja. Tii, tii, tii.

Jumamosi, jua kidogo, kisha mvua ikaghairi ukarimu

Sifa zimeenea. Mama mmoja alikuja na kijibwa chake chenye nywele usoni, hakutaka hata kumwona Daktari kwanza. "Namtaka Mama Mikono. Nimesikia akishika yeye hakuna haja ya nusukaputi."

Mama Mikono! Nikajifanya sikusikia ili arudie.

Kijibwa chenyewe mdomo kama tundu la sindano. Kidole changu kimoja kilijaa mle. Lakini tukapata picha, na jino bovu likaonekana, mzizi umelika mpaka umebaki kama kijiti cha kiberiti. Daktari akaling'oa. Kijibwa jioni kimekula. Hii ndiyo furaha ambayo mtu hafundishwi: mnyama hawezi kusema "hapa panauma", na wewe unaona kwa macho yako hapo panapouma!

Jumanne, mvua

Mjukuu wangu ana jambo. Nikiwa ndani na mnyama, yeye nje kwenye kioo, hamtazami mnyama. Ananitazama mimi. Leo alisema, "Bibi, nafikiria tuanze kuwalaza wanyama kabisa. Kuna mashine nzuri ya nusukaputi, ya hewa, inampa mnyama usingizi na kumwamsha salama."

"Unaniondoa?"

"Sijasema hivyo."

"Wateja wanakuja kwa ajili ya mikono hii."

Akanyamaza. Nadhani ananionea wivu kidogo. Daktari ni yeye, lakini anayeulizwa mlangoni ni mimi. Mtoto ni mtoto hata akivaa koti jeupe.

Alhamisi

Paka. Tii. Mvua haina aibu sasa, inaingia mpaka varandani.

Ijumaa

Mkwe hajamaliza chakula chake. Mkwe ni paka wangu. Nilimwita hivyo kwa sababu huja wakati wa kula na kuondoka bila kuaga. Ni mzee kama mimi. Amelamba mchuzi, minofu ameiacha. Anajidai.

Jumatatu, mvua kubwa, barabara imegeuka mto

Beji zimekusanywa. Yangu niliifuta kwanza kwa kitambaa, manyoya ya paka yalikuwa yamejaa.

Jumatano

Kimya. Redio anasema atolewe jino bila ganzi kama mvua itaisha mwezi huu.

Jumanne

Leo nitaandika mpaka mkono ufe ganzi.

Asubuhi simu ililia. Daktari aliipokea amesimama, akaketi. Nikaona rangi inamtoka midomoni. Nikadhani mtoto! Nikamkimbilia, nikaweka kiganja tumboni.

"Si huyo, Bibi. Ni wewe." Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi. "Beji yako. Wamesoma beji zote. Zetu safi. Yako... wanasema kama hii ni kweli, umepata mionzi ambayo hakuna mtu wa kliniki yoyote anayetakiwa kuipata. Chumba kifungwe leo. Wanamtuma mkaguzi."

Redio, ambaye hazimwi, alizimika.

Mkaguzi alifika mchana, suruali imelowa magotini. Mwanamume mrefu, mpole, anaongea kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. Aliingia chumbani na kifaa chake, akawasha mashine bila mnyama, na kila tulipochungulia alisema, "Rudi nyuma kidogo, mama. Rudi nyuma." Nikampa jina papo hapo: Bwana Rudi Nyuma. Akaikagua mashine, pua yake, waya zake, mlango, kioo. Akatoka.

"Mashine ni nzima. Haivuji. Sasa nataka kujua beji hii ilikuwa wapi."

Mjukuu wangu alikuwa analia kimyakimya, yule ambaye hata alipovunjika mguu utotoni alinitukana tu. Sikuweza kuvumilia. Nikasema, "Acheni msiba. Beji ilikuwa kwa wanyama."

"Kwa wanyama?"

"Nilikuwa naibana kwenye ukosi wa mgonjwa. Hapa, chini ya taya. Si wao wanaopigwa?"

Halafu Redio akapasuka kicheko, akajipiga paja, "Bibi wewe! Bibi wewe utatuua!" Daktari akaniangukia shingoni, analia na kucheka pamoja. Nami nikacheka. Ah, raha iliyoje! Beji ilikuwa ya mbwa! Bibi mzima! Nikamwambia Bwana Rudi Nyuma aketi, nikamletea chai ya moto na kitambaa cha kukaushia magoti.

Akanishukuru. Akaketi ukumbini na kikombe chake, akanyanyua macho, akaona picha ukutani.

Aliitazama muda mrefu. Akaweka kikombe chini.

"Mama, hiki kidole ni cha nani?"

"Changu!" nikasema, na kifua mbele. "Ona kilivyopinda."

"Na beji ilikuwa chini ya taya."

"Ndiyo."

"Na mkono wako ulikuwa wapi?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Nikautazama mkono wangu badala yake. Ulikuwa hapohapo. Chini ya taya, beji na vidole vimegusana. Na cha shahada kilikuwa ndani zaidi ya beji.

"Basi beji haikukosea," alisema taratibu. "Ilisema kweli kuhusu mkono wako."

Hakuna aliyecheka tena.

Nikamwambia, "Lakini nilivaa aproni."

"Aproni ni mwavuli wa manyunyu, mama. Wewe ulikuwa umeweka mkono kwenye mfereji wenyewe."

"Mimi mzee. Mkono huu umeshafanya kazi zake. Bora wangu kuliko wa mwenye mimba."

Hapo ndipo alipoinua sauti yake mara ya kwanza, na hata haikuwa kubwa. "Hakuna mkono wa kutupwa, mama. Si wake, si wako. Chumba hiki kikipiga picha hakitakiwi kuwa na mtu. Yeyote."

Nikamwambia anywe chai yake aende.

Jumatano

Sikwenda kliniki. Kichwa kinaniuma.

Alhamisi, mvua

Kichwa kimepona. Nina hasira. Hakuna mkono wa kutupwa! Mikono hii imefua, imepika, imezika, imekanda migongo ya wazazi. Leo mtu mwenye magoti mabichi ananiambia niiweke mfukoni.

Nimekitazama kidole mwangani. Kiko vilevile. Kimepinda vilevile.

Ijumaa

Mjukuu wangu alikuja na mwavuli uliogeuka ndani nje. Akaketi kwenye kiti changu bila kukaribishwa, ndivyo nilivyojua amekuja kwa shari.

"Nilijua, Bibi," alisema. "Nimesomea haya. Siku ya kwanza nilijua kidole hakitakiwi mle. Nikakwambia nusu, ukanifokea, nikanyamaza. Halafu wateja wakafurahi, nikanyamaza tena. Kila tii nilikuwa nafumba macho."

"Kwa nini hukunitoa kwa nguvu?"

"Nani ameshawahi kukutoa mahali kwa nguvu?"

Nikauchukua mwavuli wake, nikaanza kuunyoosha.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," akasema. "Mimi nilimchelea bibi."

Nilikuwa nimesema ananionea wivu. Nimeandika hapa hapa kwenye daftari, kurasa chache nyuma. Kumbe mtoto alikuwa anakufa kwa hofu nyuma ya kioo, na mimi naimba.

Akaushika mkono wangu wa kulia, akauweka tumboni, na kitukuu changu akapiga teke! Teke la mtu mwenye hoja! Nikaruka.

"Umesikia? Nataka mikono hii imwogeshe huyu. Mimi sijui kumwogesha mtoto, naogopa atateleza. Nataka ngozi yake nzima, vidole vyake vyote. Wewe unaona ni mikono iliyomaliza kazi. Kazi yake yenyewe haijaanza."

Haya. Nimelia. Nimeandika na sitalifuta.

Jumatatu

Nimepelekwa kwa daktari wa binadamu. Kaigeuza mikono yangu kama anayechagua nyanya. Ngozi nzima, kucha nzima. Akasema wataiangalia tena na tena, maana mambo haya hayapigi hodi siku hiyohiyo. "Inawezekana usipate lolote, bibi. Lakini hiyo itakuwa bahati, haitakuwa akili." Nimempenda. Hana sukari mdomoni.

Jumanne, mvua ya mchana

Nimerudi kliniki! Chumba bado kimefungwa mpaka Bwana Rudi Nyuma aridhike. Mashine ya nusukaputi ya hewa imekuja, ina mipira na saa zake. Daktari amepelekwa kujifunza upya kwa mwalimu wake wa zamani. Kuna kishikio cha kukaza kibao mdomoni. Lakini kichwa cha mnyama aliyelala kinalala kama tikiti, kinabingirika. Lazima kitu kikishike.

"Mifuko midogo ya mchanga," alisema Bwana Rudi Nyuma. "Unaiweka huku na huku ya shingo, na sponji chini."

"Inauzwa wapi?" akauliza Redio.

"Inauzwa wapi!" nikasema. "Mimi niko hapa na sindano, unauliza inauzwa wapi?"

Jumatano

Nimechana gauni langu la maua, lile la harusi ya mwanangu, lilikuwa limenibana tangu siku ile. Nimeosha mchanga, nimeukausha jikoni juu ya sufuria. Nimeshona mifuko mirefu ya shingo, mifupi ya kidevu, na mmoja mnono kama paja la mtoto. Vidole vinanicheza kwa furaha!

Alhamisi

Tumejaribu kwa lile fuvu la mbwa ambalo Daktari alisomea. Tumelilaza kwenye mifuko yangu, limetulia kama mfalme. Tumetoka wote. Tii!

Picha ikaja: meno safi, na duara jeupe katikati ya gego.

"Bibi," alisema Daktari, "hiki ni nini?"

Kifungo. Nilipamba mifuko kwa vifungo vya chuma vya lile gauni. Bwana Rudi Nyuma alicheka! Sikujua ana meno ya mbele yenye mwanya. Mtu mzuri kabisa akicheka.

Nimevitoa vifungo vyote.

Jumatatu, mvua imeanza kuchoka

Chumba kimefunguliwa! Na nimepewa kazi. Wameniwekea mstari mwekundu sakafuni nje ya mlango, na mimi ndiye bawabu wake. Kabla ya kila picha natazama kupitia kioo, nahakikisha hakuna mtu ndani, kisha naita kwa sauti ambayo hata jirani wa kushoto hawezi kujifanya amelala:

"Mikono?"

Na wote, Daktari, Redio, hata mwenye mnyama, wanainua juu na kujibu:

"Nje!"

Ndipo kitufe kinabonyezwa. Sijawahi kuona kazi tamu kama hii. Mama wa kile kijibwa alirudi, akauliza mbona Mama Mikono hashiki. Nikamwambia, "Mama, mbwa wako atalala usingizi wake kwa amani, na wewe utainua mikono yako hapa kama wenzako. Kidole kimoja hakivunji chawa, na changu hakitibu jino." Akainua.

Picha zenyewe sasa zimetulia, Daktari anasema, kwa sababu mnyama hatikisiki. Zamani tulirudia picha mara kwa mara. Nilijiona fundi wa kutuliza, kumbe nilikuwa natikisika na mimi. Ni kuimba kule.

Jumatano

"Mikono?" "Nje!" Siku nzima. Redio ameniomba niwe naita taratibu. Redio!

Ijumaa

Mkwe hali. Leo hata mchuzi ameukataa. Amekaa pembeni, shavu moja limevimba, mate yana damu kidogo. Nilikuwa nikijiambia anajidai. Mimi, ninayeona mizizi ya mbwa wa watu kila siku, jipu la paka wangu limenipita.

Jumamosi, mawingu bila mvua

Hii niandike pole pole.

Nilimpeleka Mkwe kliniki ndani ya kikapu. Daktari akampima moyo, akatulia, akapima tena.

"Moyo una mkwaruzo, Bibi. Ni mzee. Lazima nimpige picha nijue ni jino lipi, na lazima alale. Nusukaputi anaweza kuivuka vizuri. Anaweza pia asiivuke. Sikufichi tena kitu."

"Na tukimlegeza tu? Kama zamani? Ananijua mimi. Akiwa mikononi mwangu hata sindano haioni. Picha moja tu, mke mwenzangu. Moja haina neno."

Nilisema hivyo. Bawabu wa mstari mwekundu! Nilisema kwa mdomo wangu huuhuu.

Mjukuu wangu hakulia safari hii, wala hakunyamaza. Alinitazama usoni, tumbo limemtangulia, akasema, "Hapana, Bibi."

Tu. Hapana. Na sikujua kama nimkate kofi au nimbusu. Ndiyo kwanza amekuwa daktari, na mimi ndiye mteja.

Wakamlaza Mkwe. Nilimshika mpaka macho yakafunga, hilo niliruhusiwa, halafu Daktari mwenyewe akavibandua vidole vyangu manyoyani, kimoja kimoja. Wakampanga kwenye mifuko yangu, ule mnono chini ya shingo. Akaonekana mdogo. Nilimzoea mkubwa. Mrija mdomoni, kibao kwenye kishikio chake, pua ya mashine shavuni.

Tukatoka. Nikasimama kwenye mstari wangu.

Nikafungua mdomo niite. Kupitia kioo nikaona sikio lake linacheza. Nikawaza anaota. Nikawaza anaogopa. Na kabla sijajua ninachofanya, mguu wangu mmoja ulishavuka mstari, na mkono wangu wa kulia ulikuwa kwenye kitasa.

Nyuma yangu Redio akasema, taratibu kabisa, kwa sauti ambayo sikujua anayo:

"Mikono?"

Wote walikuwa wananingoja mimi. Daktari kidole chake kilikuwa hewani juu ya kitufe, na najua angekaa hivyo mpaka kesho.

Nikakiachia kitasa. Nikarudi nyuma. Nikainua mikono yangu yote miwili, juu kabisa, mpaka mabega yakalia.

"Nje," nikasema.

Tii.

Picha ikatokea papo hapo. Nikaiona kabla ya Daktari kunionyesha: gego la juu, mzizi umevunjika kama tawi, na kwenye ncha yake kivuli cheusi, jipu. Lile lile shavu. "Ndilo hilo!" nikapiga kelele. "Ling'oe! Ling'oe hilo!" Daktari alishavaa glavu.

Sikuketi. Nilitembea varandani, nikawaambia wateja mambo ambayo hawakuuliza. Halafu Redio akachungulia mlangoni na meno yote nje. Mkwe ameamka, na amejaribu kumng'ata.

Nikaingia. Mashine imezimwa, pua imegeuzwa ukutani. Nikamchukua kwenye blanketi, nikamkumbatia kwa mikono yote miwili na vidole vyote alivyonipa Mungu. Akanitazama kwa chuki. Oh, nilivyompenda!

Jumanne, jua

Hamna mvua tangu Jumapili. Mkwe amekula minofu ya jana, ya leo, na ya Redio.

Jumatano, jua

Picha ya zamani tumeiteremsha ukumbini. Bwana Rudi Nyuma ameiomba, anataka kwenda kuwaonyesha wengine wanaojifunza. Nimempa kwa sharti aseme mwenye kidole ni nani, na kwamba chai yake ni nzuri.

Mahali pake tumetundika ya Mkwe, ile iliyopigwa jino bovu lilipokwisha kung'olewa. Taya safi, meno yamesimama kwenye mizizi yake, hakuna kingine. Mama mwenye duka la vitambaa ameitazama leo, akageuka.

"Bibi, mbona hii haina kidole?"

Nikamwambia kidole kiko nje. Kinaandaa maji ya kumwogeshea mtu, na mtu mwenyewe yuko njiani.